Kadi tatu za kuongeza diski kwenye seva yangu: mbili nimezitoa, moja ndo imebaki

Wakuu, naandika hii nikiwa na kadi ya tatu ndani ya seva yangu, na hii ya tatu imeshamaliza miezi kumi na moja bila kuninyima usingizi, kwaiyo naona sasa naweza kuiongelea. Seva yenyewe ni ya kawaida tu, kompyuta ya mezani niliyoibadilishia kazi, juu yake kuna Debian (aina ya Linux) na ZFS (mfumo wa kuunganisha diski nyingi kuwa kundi moja na kulinda data), inatunza picha za familia, video, na bakapu za kompyuta zote za nyumbani. Mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, ilikuja na poti nne za SATA, zile za kuchomekea diski. Nne ziliisha haraka, diski nyingine nne zikawa zimekaa kwenye boksi hazina pa kuchomekwa, na hapo ndo nikaanza kutafuta kadi ya kuongezea.

Kadi ya kwanza niliinunua kwa sababu moja, ilikuwa na poti kumi. Inaingia kwenye ile sloti fupi kabisa ya PCIe x1 (PCIe ni sloti za kuchomekea kadi, x1 ni njia moja ya data), haitaki draiva ya kuongeza, unachomeka unawasha na diski zinaonekana. Jina la aliyeniuzia na la aliyeitengeneza naliacha, maana tatizo lake ni la muundo na kadi za muundo huo zipo za majina chungu nzima. Nikahamishia diski zote nane humo, niziache za mazabodi kwa ajili ya SSD. Wiki mbili za mwanzo safi kabisa. Halafu nikaanzisha skrabu, yaani ile kazi ya ZFS kupitia kila data iliyoandikwa na kuhakiki kama haijaharibika, nikaenda kulala. Asubuhi nafungua `zpool status` naambiwa diski tano zimetoka kwa mpigo na kundi zima limesimama. Nilikaa chini kwanza. Nikazima nikawasha, zote zikarudi, nikapiga `zpool clear`, skrabu ikaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Siku nne baadaye zikatoka tena, tano zilezile.

Sasa diski tano haziwezi kufa ndani ya dakika moja. Hiyo ndo ilinifanya nifungue kasha na kuiangalia kadi vizuri badala ya kukimbilia kununua diski mpya. Ndani kuna chipu moja ya SATA yenye poti chache, halafu kila poti imepelekwa kwenye chipu nyingine inayoigawa kuwa tano, inaitwa malitiplaya. Ukiona kwenye picha ya kadi chipu kama JMB575 ujue ndo kazi yake hiyo, poti moja inaingia tano zinatoka. Maana yake diski tano zinakula kwenye waya mmoja wa SATA ambao kwa hali halisi unapitisha kama MB 550 kwa sekunde, gawa kwa tano unabaki na 110, wakati diski kubwa ya siku hizi peke yake inasoma MB 200 na zaidi kwa sekunde. Mwendo mdogo ningeuvumilia, kwa nyumbani nani anahitaji mwendo kila saa, ila lingine ndo baya: diski moja ikichelewa kujibu, keneli, yaani kiini cha Linux, inaamua kuuwasha upya ule waya, na ukiuwasha upya waya unazigonga zote tano kwa pamoja. Hizo nne nyingine hazina kosa lolote ila nazo zinahesabiwa zimetoka. Kwenye ZFS, au hata mdadm (ile programu ya Linux ya kuunganisha diski), hicho ni kifo cha kundi zima kwa sababu ya diski moja iliyosinzia kidogo.

Kwaiyo kadi ya kwanza siipendekezi kwa mtu yeyote anayetaka kuweka RAID ya aina yoyote, yaani diski nyingi zinazofanya kazi kama moja. Kama unataka poti za kuchomeka diski moja moja ya kunakili vitu na kuitoa, sawa, itakufaa. Na kwa ujumla namba ya poti ndo kitu cha mwisho kuangalia. Angalia jina la chipu, halafu angalia inatumia njia ngapi za PCIe na za kizazi kipi. Njia moja ya PCIe 2.0 inapitisha MB 500 kwa sekunde, ya 3.0 kama MB 985. Piga hesabu mwenyewe, diski ngapi mara 200, uone kama zinapita. Muuzaji asipoandika jina la chipu mahali popote mimi naachana naye, hata kama picha imepigwa vizuri vipi.

Kadi ya pili ilikuwa ya chipu ya ASM1166, poti sita za kweli bila malitiplaya, PCIe 3.0 x2. Hii naisifia bila kusita. Ndogo, haingurumi maana haina feni, haipati joto la kutisha, na inatumia AHCI ya kawaida ile ile inayotumiwa na poti za mazabodi kwaiyo mfumo uwe Debian, TrueNAS, OpenMediaVault au Proxmox unaiona kama ndugu yake, hakuna fimuwea (programu inayokaa ndani ya kadi yenyewe) ya kuhangaika nayo siku ya kwanza. Diski sita kwenye njia mbili za 3.0 zinapata zaidi ya MB 300 kila moja zikikimbia zote pamoja, hakuna diski ya kuzunguka itakayolalamika. Ila ukiichomeka kwenye sloti ya zamani ya PCIe 2.0 hesabu inakatika nusu, inakuwa kama 165 kila moja, bado inavumilika. Kuna ndugu zake pia, ASM1064 ya poti nne kwenye njia moja ya 3.0, na JMB585 ya poti tano kwenye njia mbili. Zote hizo ni za kundi moja kwangu, chipu moja inayotoa poti zake yenyewe.

Kitu kimoja kitakachokushtua kwenye ASM1166 ni logi, yaani kumbukumbu za matukio za mfumo. Ukipiga `dmesg` unaweza kukuta imejitangaza kuwa na poti 32, unaona `ata` hii `ata` ile (ndivyo Linux inavyoziita poti) mpaka unajiuliza umenunua nini. Haina shida, poti za kweli ni sita, nyingine ni hewa, ila kwenye baadhi ya mashine inaongeza sekunde kadhaa za kuwaka.

Kingine cha kuangalia kwa hizi ndogo ni umbo la sloti. Kadi ya x2 mara nyingi inakuja na meno ya urefu wa x4, kwenye sloti ya x1 iliyofungwa mwisho haiingii. Na zipo zinazoingia kwenye sloti ya M.2 (ile ndogo ya SSD) badala ya PCIe ya kawaida, chipu ni ileile ASM1166, hizo zinaokoa sana kwenye mazabodi ndogo, ila hakikisha hiyo M.2 yako ina PCIe kweli, maana zipo M.2 zinazopokea SSD ya SATA tu na hapo kadi itakaa kimya milele. Pia zile za M.2 ni nyembamba, kebo sita zinavuta kwa pamoja, ukizikunja vibaya kadi yenyewe inapinda. Nilimfungia rafiki yangu moja nikaishia kuzifunga kebo pamoja na kuziegemeza kwenye kasha ili uzito usikae kwenye kadi.

Mbona basi niliitoa? Kwa sababu nilipata diski za SAS (aina ya diski za seva, siyo SATA), zilizotoka kwenye seva za ofisini, na diski ya SAS haichomeki kwenye kontrola ya SATA, yaani chipu inayoendesha diski, hata ufanyeje. Kinyume chake inawezekana, kontrola ya SAS inapokea diski za SATA vizuri tu. Hilo ndo lilinisukuma kwenye kadi ya tatu na huku ndo kuna mambo mengi.

Kadi ya tatu ni ya chipu ya LSI SAS2008, iliyotumika, ilitolewa kwenye seva ya kampuni fulani. Poti mbili za mini-SAS, kila moja inatoa diski nne, jumla nane, PCIe 2.0 x8 ambayo ni kama MB 4,000 kwa sekunde, yaani diski nane zinapumua. Kadi maarufu ya chipu hii ni LSI 9211-8i, lakini Dell H200 na H310 pamoja na IBM M1015 ndani yake ni SAS2008 hiyohiyo. Ukipanda ngazi moja kuna SAS2308, ile 9207-8i, hiyo ni PCIe 3.0. Ukipanda tena kuna SAS3008 kwenye 9300-8i, hiyo ni SAS ya gigabiti 12. LSI yenyewe ilinunuliwa na Avago 2014, Avago nayo ikainunua Broadcom 2016 na kuchukua jina lake, ndo maana unatafuta fimuwea ya LSI unajikuta kwenye tovuti ya Broadcom, usidhani umepotea. Za kizazi cha nyuma zaidi, SAS1068E, ziache hata ukipewa bure, hazioni diski zaidi ya TB 2.

Jambo la msingi kabisa kwenye hizi kadi ni fimuwea. Kuna IR, ambayo kadi yenyewe inafanya RAID, na kuna IT, ambayo kadi inakaa pembeni na kuikabidhi mashine kila diski kama ilivyo. Kwa ZFS unataka IT. Nimeona watu wengi wanabisha kwenye hili, wanasema kadi ya RAID ina kashe (kumbukumbu ya muda) na betri ni ya kitaalamu zaidi, wanatengeneza diski moja moja kama RAID 0 kisha wanaipa ZFS. Naomba msifanye hivyo wakuu. ZFS inataka kujua diski ipi imesema nini, inataka ikisema andika sasa basi iandikwe sasa, na wewe mwenyewe unataka `smartctl` ikuonyeshe hali ya diski. Kadi ya RAID ikikaa katikati inaficha vyote hivyo. Na siku kadi ikifa, maelezo ya RAID yameandikwa kwa namna ya kadi ile, lazima utafute nyingine ya familia ileile ili usome data zako. Mimi kwa IT nikitoa diski zangu nane leo nikazichomeka kwenye kompyuta nyingine yoyote yenye poti nane zinazozipokea diski hizo, `zpool import`, zimerudi. Nimeshahamisha diski namna hiyo mara mbili, nilipohama kadi ya kwanza kwenda ya pili na ya pili kwenda hii, hakuna hata faili moja lililopotea, na hiyo ndo sababu kubwa naipenda hii mifumo huria.

Yangu ilikuja na fimuwea ya RAID ya kampuni iliyoiuza, kwaiyo ilibidi kuiflashi, yaani kuiandikia fimuwea nyingine. Hapa nilipoteza Jumamosi nzima. Kwanza kompyuta haikuwaka kabisa nikiwa nimeichomeka, skrini nyeusi, feni zinazunguka tu. Nikaitoa, ikawaka. Nikairudisha, nyeusi. Nilidhani nimeuziwa kadi mbovu na nilishaanza kuandika malalamiko, kumbe kadi nyingi za seva zinatumia pini mbili za SMBus (njia ndogo ya mawasiliano kati ya kadi na mazabodi), B5 na B6, na mazabodi za kawaida baadhi zinachanganyikiwa na hilo. Dawa ni kipande kidogo cha tepu ya Kapton (haipitishi umeme na inastahimili joto) juu ya hizo pini mbili, B ni upande ule ule wenye chipu, unahesabu kutoka mwisho ulio karibu na bamba la chuma. Nikabandika, nikasafisha kingo, ikawaka mara ya kwanza.

Kuflashi kwenyewe nilianza na flashi ya USB yenye DOS, nikapata ujumbe `Failed to initialize PAL`. Ukiuona huo usiiguse kadi, kadi haina kosa, ni ile programu ya DOS haielewani na mazabodi za UEFI (ile BIOS ya kisasa). Tumia `sas2flash.efi` ukiwa kwenye UEFI Shell, au fanya kazi hiyo kwenye kompyuta ya zamani. Mimi nilitumia kompyuta ya zamani kwa sehemu ya kwanza, maana kadi zilizozaliwa za RAID zinahitaji kufutwa kwanza kwa `megarec`, halafu nikahamia kwenye UEFI Shell kuandika `2118it.bin`. Kabla ya yote andika pembeni namba ya SAS iliyo kwenye stika nyuma ya kadi, inaanza na 5, ina tarakimu 16, utahitaji kuirudisha kwa `-sasadd` ukimaliza. Na ukifuta kwa `sas2flash` yenyewe (siyo `megarec`, hiyo baada yake unawasha upya) usizime wala kuwasha upya kabla hujaandika fimuwea mpya, hapo ndo watu wanapoziua. Kama umeme wako hauaminiki subiri siku unayouamini au weka UPS.

Toleo nalo lina maana. Kwa SAS2008 na SAS2308 unataka 20.00.07.00. Matoleo ya mwanzo ya P20, yaani yanayoanza na 20, yalikuwa na matatizo na bado unaweza kukuta kadi iliyouzwa nayo, muuzaji anaandika P20 IT na kweli ni P20 ila siyo hiyo ya 07. Angalia kwa `sas2flash -listall`. Kwa SAS3008 watu wa TrueNAS wanapendekeza 16.00.12.00, iliyorekebisha tabia ya kontrola kujiwasha upya ikiwa na diski za SATA, na yenyewe unaiangalia kwa `sas3flash`. Lile faili la boot ROM mimi sikuliweka kabisa, linahitajika tu kama mfumo unawaka kutoka kwenye diski za kadi hiyo. Bila hilo mashine inawaka haraka zaidi, hakuna ile skrini ya kuhesabu diski moja baada ya nyingine.

Joto sasa. Hii ndo kasoro kubwa ya kadi hizi na muuzaji hatakuambia. Zimetengenezwa kwa seva za rafu zenye upepo mkali unaopita muda wote. Ukiiweka kwenye kasha la nyumbani lenye feni mbili za kimya, lile bamba la kupozea juu ya chipu linakuwa moto huwezi kuweka kidole. Mwezi wa kwanza ilikuwa inafanya kazi vizuri usiku, mchana wa joto kali wakati wa skrabu logi inajaa mistari ya `mpt2sas_cm0: log_info` na diski zinaanza kuonyesha makosa ya kusoma kwa zamu, leo hii, kesho ile, hakuna mpangilio. Makosa yanayorukaruka namna hiyo kati ya diski zote za kadi moja, kwangu sasa ni dalili ya kadi, siyo diski. Nilitoa lile bamba, pesti ya kupitisha joto ya chini yake ilikuwa imekauka imekuwa kama chaki, nikapaka mpya, nikafunga feni ya milimita 40 juu yake kwa vifungo vya plastiki. Tangu siku hiyo ile mistari haijarudi. Kwaiyo ukinunua iliyotumika fanya hivyo siku ya kwanza, usisubiri. Na kama unafikiria 9300-16i kwa sababu ina poti kumi na sita, ujue ile ni chipu mbili za SAS3008 kwenye kadi moja, joto mara mbili, upepo lazima.

Kebo zinastahili aya yao. Kebo ya kutoka mini-SAS kwenda diski nne za SATA zipo za aina mbili na kwa macho zinafanana kabisa. Moja inatoka kwenye kontrola kwenda kwenye diski, hiyo ndo unayoitaka, inauzwa kwa jina la forward breakout. Nyingine ni reverse, inatoka kwenye poti nne za mazabodi kwenda kwenye sehemu ya mini-SAS ya kasha la diski. Ukichomeka reverse hakuna kinachoungua, ila hakuna diski itakayoonekana, na utakaa siku mbili ukilaumu fimuwea. Halafu angalia umbo, SAS2008 na 2308 nyingi ni SFF-8087, za 9300 ni SFF-8643, haziingiliani.

Na kebo mbovu ina alama yake. Kwenye `smartctl -a` tafuta namba 199, UDMA_CRC_Error_Count. Hiyo inahesabu makosa yaliyotokea njiani kati ya diski na kadi, siyo ndani ya diski. Ikiwa inapanda huku namba 5 na 197 (zinazohesabu sehemu mbovu za diski) zipo sifuri, diski yako ni nzima, badilisha kebo. Haishuki hata ukirekebisha, kwaiyo andika ilikuwa ngapi siku uliyobadilisha, uangalie kama inaendelea kupanda. Mimi diski moja ilikuwa na 212 nikabadilisha kebo, imebaki 212 mpaka leo. Jirani yangu alikuwa ameshatupa diski mbili kwa sababu hiyo hiyo kabla hatujaongea, na inauma kweli ukifikiria. Kwa poti za AHCI dalili nyingine ni keneli kuandika `limiting SATA link speed to 3.0 Gbps`, ikishusha mwendo yenyewe namna hiyo mara nyingi kebo au kiunganishi hakijakaa.

Umeme nao unajifanya kadi mbovu. Diski haizunguki kabisa, kadi haiioni, unaihamishia mahali pengine inawaka. Kama ni diski kubwa ya kisasa, hasa zilizotolewa kwenye makasha ya nje au za seva, inawezekana inafuata SATA 3.3 ambapo pini ya tatu ya umeme ikipata volti 3.3 inaiambia diski ibaki imezimwa. Pawasaplai za zamani zinapeleka hizo volti muda wote. Unaweza kuziba pini hiyo kwa Kapton au kutumia kigeuzi kutoka Molex (kile kiunganishi cha zamani cha umeme cha pini nne), ambacho hakina huo waya wa 3.3. Lakini vigeuzi vya Molex chagua vile ambavyo nyaya zimebanwa moja moja kwenye kiunganishi, siyo vile vilivyomiminiwa plastiki kwa pamoja, hivyo vya kumiminwa vina historia ya kuyeyuka na kushika moto. Hapo sibanii hela hata kidogo. Na usizigawe diski nane kwenye waya mmoja wa umeme, wakati wa kuanza kuzunguka ndo zinavuta sana, zigawe kwenye nyaya mbili au tatu kutoka kwenye pawasaplai yenyewe.

Kwenye sloti, kadi ya x8 inafanya kazi hata kwenye sloti ya x4, inapungua tu. Kinachochanganya ni sloti ndefu ya x16 ambayo ndani ina nyaya za x4 au hata x1, na zile zinazogawana njia na M.2, ukichomeka SSD ya NVMe kwenye M.2 sloti inazimika kimyakimya. Usikisie, piga `lspci -vv` tafuta mstari wa LnkSta, utaona Speed na Width unazopata kweli. Yangu inatakiwa kusema 5GT/s na x8. Siku moja ilisema x4, nikaitoa nikasafisha meno kwa kifutio na spiriti, ikarudi x8. Kama hata `lspci` haiioni kadi, acha kuhangaika na draiva, tatizo lipo chini zaidi, sloti, tepu, au mipangilio ya BIOS.

Kuhusu mifumo. Kwenye Linux draiva ni `mpt3sas`, inabeba na zile za zamani za SAS2, kwenye FreeBSD ni `mps` kwa SAS2 na `mpr` kwa SAS3. Debian na Proxmox hazikunisumbua. Ila kama wewe ni mtu wa RHEL (Linux ya kampuni ya Red Hat) au zile zinazofuata RHEL, kuanzia toleo la 8 waliondoa SAS2008 kwenye orodha ya draiva, kwaiyo unafunga mfumo na diski hazionekani wakati kadi ni nzima. ELRepo (hazina ya nje ya draiva za RHEL) wanatoa draiva iliyorudishiwa, lakini kama unaanza upya na ndo mfumo unaoutaka, nenda moja kwa moja kwenye SAS3008 ujiepushe na kuhangaika kila keneli ikibadilika. Kwa wanaoendesha TrueNAS ndani ya mashine pepe kwenye Proxmox, ikabidhi kadi nzima, siyo diski moja moja, na uizuie Proxmox isiiguse kadi hiyo wakati wa kuwaka, maana mifumo miwili ikifungua kundi moja la ZFS kwa wakati mmoja hakuna atakayekuokoa.

SSD zangu nimeziacha kwenye poti za mazabodi makusudi. Kadi hizi za LSI ni wachaguzi kwenye TRIM (amri ya kuiambia SSD sehemu zipi hazina data tena), zinataka SSD inayoahidi kurudisha sifuri baada ya TRIM na za bei ya chini nyingi haziahidi hivyo. Mazabodi haina masharti hayo.

Umeme unaokula nao niseme ukweli. SAS2008 inakula kama wati 10 muda wote, hata diski zikiwa zimelala, na inaizuia mashine kuingia kwenye usingizi mzito. ASM1166 inakula kidogo sana na inairuhusu. Kwa mtu mwenye diski sita za SATA na seva isiyozimwa mwaka mzima, kwa kweli ningemwambia achukue ASM1166 na aache kuhangaika na kuflashi, na wala asione amechukua ya hali ya chini. Mimi ningebaki nayo kama nisingepata diski za SAS.

Kwa hiyo alama zangu: ya poti kumi na malitiplaya naipa moja kati ya kumi, na hiyo moja ni kwa sababu ilinirudishia data zangu salama. ASM1166 naipa nane. SAS2008 ya IT ikiwa na feni, pesti mpya na kebo nzuri naipa tisa, bila feni naipa nne. Ukinunua iliyotumika omba picha ya nyuma ya kadi yenye stika ya namba na picha ya `sas2flash -listall`, za bandia zipo nyingi hasa zile zinazouzwa kama mpya kabisa, na muuzaji aliyezitoa kwenye seva kweli hashindwi kukupa.

Skrabu ya mwezi huu imeisha juzi, diski nane, imechukua saa kumi na moja na dakika kadhaa, makosa sifuri. Ile feni ndogo imeanza kutoa mlio, nimeshaagiza mbili, moja ya kufunga na moja ya akiba.